Kikohozi cha Ciakuthii na Karatasi za Kalenda

Jumapili, 1 Februari

Kawira mwanangu, huko Embu, nakusalimu kwa jina la Bwana. Baba yako Mutembei anakusalimu, mgongo wake umepona ila anaukumbuka kila tukimpa jembe. Ndugu yako Kiunga anakusalimu. Mke wake Winrose anakusalimu, na mtoto wao Mwiti, ambaye sasa ana meno mawili na anayajaribu kwa kila mtu. Jirani Mithika anakusalimu na anauliza kama misumari imepanda bei huko dukani kwenu. Ng'ombe amezaa, ndama ni jike. Na mwanao Ciakuthii, aliyepewa jina langu, anakusalimu kutushinda sisi wote. Ameegemea goti langu akiniuliza kama nimeandika kwamba ana viatu vipya. Nimeandika.

Salamu zangu mimi nimeziweka mwisho kwa sababu nimekasirika.

Uliniambia kwenye simu, "Mama, ukiongea unaruka huku na huku, sijui mtoto aliugua lini wala alipona lini. Andika." Halafu ukasema hali ikiwa ni hii mpaka Pasaka utakuja kumchukua. Umpeleke wapi? Kwa chumba kimoja, wewe dukani toka asubuhi hadi jioni, naye na msichana wa kazi usiyemjua kwao? Mimi niliyewalea wewe na Kiunga na sikupoteza hata mmoja? Haya. Niliacha shule darasa la tano lakini kalamu sijaisahau. Nitaandika kila kitu, kitabu kikijaa nitakituma, ujionee mwenyewe ni nani hapa asiyemwangalia mtoto wako. Na si mimi.

Alianza kukohoa wiki ile tulipoanza kuvuna.

Jumatatu, 2 Februari

Tumemaliza kupukuchua. Magunia saba, Mungu ametuona. Kila gunia lilipojaa nililitia ile dawa ya unga ya wadudu kama kila msimu, nikalipanga chumbani kwangu kando ya kitanda. Ghala la nje lilivunjwa mwaka juzi na sijasahau. Mahindi yangu nalala nayo.

Jumanne, 3 Februari

Winrose amepeleka debe moja la mahindi posho, kwa mashine ya kusaga. Jua kali.

Jumatano, 4 Februari

Jana mtoto alirudi kutoka shuleni saa sita, akala vizuri jikoni, akakohoa mara mbili tatu. Nikamtoa kwa moshi mara moja, nikamlaza kitandani kwangu ambako kumetulia, nikamfunika na blanketi langu. Nilipoenda kumwangalia, kifua kilikuwa kinapiga mluzi kama birika. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilimkalisha, nikamsugua mgongo mpaka mikono yangu ikafa ganzi.

Na ni kwa nini? Winrose anapika na kuni mbichi! Nilimwambia, "Wewe msichana, unataka kutukausha kwa moshi kama nyama?"

Akasema, "Mama, kuni kavu ziliisha Jumamosi, nilikuambia."

Hakuniambia. Au aliniambia lakini si kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika.

Ijumaa, 6 Februari

Posho tena, foleni ndefu. Nimenunua sukari na kiberiti.

Jumamosi, 7 Februari

Jana jioni ilibidi Mithika atubebe na gari lake la ndizi mpaka dispensari. Winrose ndiye aliyekimbia kumwita. Mtoto aliwekewa mdomoni ile mashine ya mvuke, akaninyooshea mkono, mimi nikajifanya nacheka.

Muuguzi ni sista Angeline, msichana mrefu mwenye miwani. Akaniita bibi kama mjukuu wangu, "Cucu, ilianza saa ngapi?"

Nikamwambia habari ya kuni mbichi.

"Sijauliza kuni, cucu. Nimeuliza saa. Alikuwa wapi? Alikuwa anafanya nini? Mara ya mwisho ilikuwa siku gani?"

Nikamwambia nina mkaza mwana asiyesikia. Sista akaweka kalamu chini, akanitazama hivi. Nimewahi kutazamwa namna hiyo na mwalimu wa hesabu. Nikamwambia kwa ukali kwamba nimeandika kila kitu kwa kitabu, kiko nyumbani. Akasema, "Basi kilete tarehe kumi na sita." Akanipa pampu ya kumvutisha dawa.

Nawe ukapiga simu. Hukuniuliza nimelala wapi, hukuniuliza nimekula nini. "Mama, ni nini unamfanyia huyo mtoto?" Ndivyo ulivyosema. Nimeandika hivyo hivyo ili siku moja usome.

Jumanne, 10 Februari

Posho. Mawingu, hakuna mvua.

Jumatano, 11 Februari

Tena! Jana, baada ya kulala mchana. Na kuni zilikuwa kavu, nilizipasua mimi mwenyewe. Basi nikaanza kunusanusa nyumba nzima kama mbwa. Winrose ana mafuta ya kujipaka yenye harufu kali, ameyanunua sokoni Nkubu, na humbeba Ciakuthii akiwa ameyapaka. Nimeyatupa chooni. Chupa na kifuniko.

Kiunga hakula chakula cha jioni. Baba yako alisema, "Mama Kawira, sasa umeanza kupigana na chupa." Sikucheka.

Alhamisi, 12 Februari

Hakuna anayeongea nami isipokuwa Ciakuthii na ndama.

Ijumaa, 13 Februari

Posho. Ciakuthii ametoka shuleni akaenda moja kwa moja shambani na babu yake, wameshinda huko wakiwinda panzi. Hakukohoa.

Jumatatu, 16 Februari

Nimerudi kutoka kwa sista Angeline. Nilimpa kitabu hiki nikiwa na kiburi, kurasa tano zimejaa. Alisoma, akarudi nyuma, akasoma tena. Akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Cucu, jina la Winrose liko hapa mara tano. Saa ya kuanza kukohoa haiko hata mara moja."

"Winrose ndiye shida!"

"Labda. Lakini hapa umeandika hasira zako. Sijui ulichoona ni kipi na unachofikiria ni kipi, umevikoroga pamoja kama chai na maziwa. Andika kile jicho limeona. Kidogo kidogo, kila jambo peke yake. Hata kile kisicho na maana."

Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu, sikutaka kuketi na watu. Mtoto wa juzi aliyezaliwa mimi nikiwa na mimba ya Kiunga, ananifundisha kuandika! Nilimtukana njia nzima. Nilipofika kwenye daraja nilikuwa nimemaliza matusi, na yale maneno yake bado yalikuwa pale.

Jumanne, 17 Februari

Posho. Winrose ameondoka bila kuaga. Mtoto amekohoa alasiri, nimemvutisha pampu mara nne.

Jumatano, 18 Februari

Leo nilikuwa nachagua maharagwe. Unajua ninavyofanya: namwaga yote kwa gunia, halafu naacha macho yatembee, mkono unajua wenyewe. Yaliyotobolewa huku, yaliyokunjamana huku, mawe huku. Huwezi kuchagua maharagwe yakiwa ndani ya mfuko. Na hapo nikaona: kitabu changu ni mfuko. Kila kitu kimo lakini hakuna kinachoonekana.

Nimechukua kalenda ya mwaka jana, ile kubwa iliyoning'inia sebuleni, nikaikata vipande vya ukubwa wa kiganja. Karatasi moja, jambo moja. Mbele naandika nilichoona, na siku, na saa. Nyuma naandika moyo wangu unasema nini. Maana, Kawira, sikuweza kuuacha moyo nje kabisa, ungepasuka. Lakini sasa una upande wake na jicho lina upande wake.

Kisha nikarudi kwenye kitabu hiki tangu mwanzo, nikatoa jambo moja moja na kuliandika kwa karatasi yake. Imenichukua siku nzima. Kurasa tano za maneno zilizaa vipande ishirini na vitatu tu. Mengine yote yalikuwa kelele.

Baba yako alisimama mlangoni akaangalia. "Umekuwa karani wa chifu?"

"Leta gundi au ondoka."

"Hapo ulipokata ni mwezi wa Agosti, kuna siku ya kuzaliwa kwangu."

"Nitaiandikia kikohozi."

Akaleta uzi, akatoboa vipande kwa sindano ya magunia, tukavifunga pamoja. Hatukuwa tumefanya kazi ya mikono pamoja tangu mwaka jana.

Jumamosi, 21 Februari

Jana posho, na kikohozi kidogo saa tisa. Leo shule imefunga kwa mapumziko mafupi, shangazi yako Gatakaa amemchukua Ciakuthii mpaka Ishiara kwa wiki moja. Nimempa pampu na kumwelekeza mara tatu. Kule kuna joto na vumbi, nimemwambia Gatakaa naogopa. Nyumba imekuwa kimya, nimemwita mtoto mara mbili kabla ya kukumbuka.

Ijumaa, 27 Februari

Gatakaa amepiga simu. Wiki nzima hajakohoa hata mara moja. Katika vumbi lile lote! Anakula, anakimbizana na mbuzi, analala kama gogo.

Mbele ya karatasi: Ishiara, siku saba, hakuna kikohozi.

Nyuma ya karatasi nimeandika mambo ambayo sitayarudia hapa. Ni kuhusu mtu ambaye hakuwa Ishiara.

Jumapili, 1 Machi

Amerudi. Mweusi kwa jua, magoti yamechubuka, anacheka.

Jumanne, 3 Machi

Posho.

Jumatano, 4 Machi

Jana ilikuwa mbaya kuliko zote. Alirudi kutoka shuleni saa sita akiwa mzima. Saa saba nikamlaza kitandani kwangu mapema, ili apumzike, ili asikohoe. Saa nane hakuweza kutamka "cucu" mpaka mwisho. Dispensari, mvuke mara mbili, sista Angeline mwenyewe akimshika kichwa. Aliniuliza saa nikamwambia saa, nikamwambia mahali, nikamwambia alichokula. Hakunitazama kama mwalimu wa hesabu. Akasema, "Endelea hivyo hivyo, cucu. Iko karibu." Lakini karibu haipumui.

Nawe ukasema kwenye simu, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko makelele: "Ijumaa Kuu nakuja. Mfungie nguo zake." Nilitaka kukujibu. Nilikuwa na maneno ya kukujibu toka hapa mpaka Embu. Simu ikakatika, au uliikata.

Jumamosi, 7 Machi

Hii nitaiandika yote, hata ile sehemu inayoniuma.

Asubuhi nilitandika gunia kwenye veranda, nikafungua uzi, nikamwaga karatasi zote, upande wa mbele juu. Nikaweka punje ya mahindi juu ya kila moja isipeperuke. Nikaanza kuangalia kama naangalia maharagwe. Winrose akatoka jikoni amembeba Mwiti mgongoni, mkononi ana chai ya baba yako. Na hapo upepo ukaja, ule wa kabla ya mvua. Punje ni nyepesi. Karatasi ziliruka, zikageuka, zikaenda mpaka kwa nyasi.

Winrose akaweka chai chini akaanza kuziokota. Ana adabu, hiyo siwezi kumnyima. Nikamwambia, "Ziache!" Akaendelea kuokota, halafu mkono ukasimama.

"Mama, hii ni mimi?"

"Zilete hapa."

"'Winrose ana moyo wa jiwe, anafurahi mtoto wa Kawira akiugua.'" Alisoma polepole. "Mama. Hii ni mimi?"

Akaokota nyingine. "'Wiki nzima Winrose hayuko na mtoto ni mzima. Mwenye macho aone.'" Mwiti alianza kulia mgongoni, hakumtikisa. "Nimemkimbilia Mithika bila viatu. Nimembeba huyu mtoto dispensari, wangu nikimwacha sakafuni akilia. Hiyo umeiandika wapi? Iko mbele au iko nyuma?"

Nilitafuta, Kawira. Naapa nilitafuta na macho, kama ningeikuta. Haikuwa mbele wala nyuma.

Ningesema pole hapo hapo, lakini unanijua. Nikasema, "Kama si wewe, ni nani?"

"Sijui! Lakini tutajua leo, mimi na wewe." Akamfungua Mwiti, akampa Ciakuthii aende kucheza naye. Akapiga magoti kwenye gunia. "Mimi nilifika kidato cha pili. Zigeuze zote mbele. Za nyuma sitaki kuziona tena."

Alizipanga kwa siku, siku moja mstari mmoja, kama anapanda. Alikuwa amekasirika sana, na nikagundua kwamba mtu aliyekasirika anaweza kufanya kazi safi. Mimi nikikasirika navunja vitu.

"Moshi. Moshi uko siku zote, mama, kila siku tunapika. Kikohozi hakiko siku zote. Moshi nje." Akazisukuma. "Mafuta yangu uliyatupa tarehe kumi na moja. Kikohozi tarehe kumi na saba. Basi mafuta yangu yalikufa bure."

"Nitakununulia mengine."

"Utaninunulia. Na hizi ni nini, hizi nyingi?"

"Hizo si kitu. Ni posho. Sista alisema niandike hata kile kisicho na maana."

Alichukua zile za posho, moja moja, akaweka kila moja kwenye mstari wake. Jumanne posho, kikohozi. Ijumaa posho, kikohozi. Jumanne posho, kikohozi. Nikamwambia haraka, "Lakini hapa, Ijumaa tarehe kumi na tatu, posho na hakukohoa!"

"Siku hiyo alikuwa shambani na baba. Hakulala mchana."

Chai ya baba yako ilikuwa imepoa, inzi amekaa kwenye ukingo.

"Mama," Winrose akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Posho huenda mimi. Lakini mahindi ni nani huyachota?"

Mimi. Ni nani mwingine? Ufunguo wa chumba nimeufunga kwenye kitambaa changu cha kichwa, hata baba yako simwachii. Nafungua gunia, nachota kwa bakuli, ule unga wa dawa unapanda mpaka mimi mwenyewe napiga chafya. Nafunga mlango ili kuku wasiingie. Dirisha halijafunguliwa tangu mwaka juzi, kwa ajili ya wezi.

"Na mtoto akikohoa, huwa tunamlaza wapi?"

Kawira, nilimtoa mtoto wako kwenye moshi, nikambeba kwa mikono hii, nikamlaza ndani ya dawa ya kuua wadudu. Nikamfunika na blanketi. Kila mara alipokohoa zaidi, nilimrudisha pale pale.

Winrose hakunicheka, na alikuwa na haki. Alisema tu, "Nitamwita Kiunga abebe magunia."

Jumapili, 8 Machi

Sikwenda kanisani. Magunia yote yako kwa Mithika, kwenye chumba chake cha ndizi. Nimefungua dirisha, limetoka na bawaba yake. Nimefua kila kitambaa, nimesugua sakafu mara tatu, nimelitoa godoro juani. Ciakuthii analala kwa Winrose mpaka tujue. Nimeufungua ufunguo kwenye kitambaa changu nikampa Winrose. Hakuuliza ni wa nini.

Jumatatu, 9 Machi

Sista Angeline aliangalia karatasi zangu kwa muda mrefu, akazipanga mezani kama Winrose. "Inawezekana kabisa, cucu. Lakini msiseme ni hiyo kabla ya kuhesabu. Wiki mbili, bila magunia, na mwandike kama kawaida." Halafu akauliza kama anaweza kubaki na karatasi tupu moja, awaonyeshe akina mama wengine. Zamani ningejivuna. Nilimpa nikiangalia chini.

Jumanne, 10 Machi

Posho, mahindi yamechotwa kwa Mithika. Hakukohoa.

Ijumaa, 13 Machi

Posho. Hakukohoa.

Jumanne, 17 Machi

Posho. Amekohoa mara moja, tulisimama wote. Alikuwa amemeza uzi wa embe.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua imeanza, nzuri, ya kutulia. Nimenunua mafuta ya Winrose Nkubu, yale yale. Nilimpa jikoni, nikamwambia, "Yale ya nyuma ya karatasi nimeyachoma." Akafungua kifuniko akanusa. "Mama, haya ni ya wanaume." Akacheka mpaka akaketi. Amejipaka hivyo hivyo.

Jumatatu, 23 Machi

Kawira mwanangu, kitabu kimejaa. Wiki mbili zimeisha, mtoto anapumua. Ungeweza kusema basi, yameisha. Ningeweza kukuambia kwa simu kwamba amepona na ninyamaze na mengine, na hungejua kamwe. Nimefikiria kufanya hivyo, nakuambia ukweli.

Lakini nilianza kitabu hiki nikitaka uone ni nani asiyemwangalia mtoto wako, na umeona. Hasira niliyokuwa nimewawekea wote haijaisha, imerudi nyumbani tu. Uliponiuliza namfanyia nini nilikuchukia siku tatu. Lilikuwa swali sahihi.

Nguo zake nimezifunga kama ulivyosema. Mfuko uko kwenye msumari nyuma ya mlango. Yeye anafikiri ni wa safari ya Ishiara, na amejitilia humo panzi wawili kwenye kopo.

Mithika anakuja Embu na ndizi Jumatano, nimempa kitabu hiki akuletee dukani mkononi mwako. Ndani, kwenye ukurasa huu, utakuta karatasi moja ya kalenda, ya mwisho. Mbele nimeandika: "Ni mimi. Sikujua. Sasa najua." Nyuma sijaandika chochote, huo ni upande wako. Andika moyo wako unavyosema, hata kama ni matusi, mradi uwe umeandika pia kama niufungue mfuko au niuache kwenye msumari. Mithika anarudi jioni hiyo hiyo. Mpe karatasi, usimcheleweshe, nitakuwa nimesimama barabarani.